Sura ya Tano: Miaka Iliyobaki

Mwalimu alinikuta Kariandusi Jumamosi moja ya Agosti 2025, karibu na njia inayoshuka kwenda makumbusho, viatu vyangu vimejaa vumbi jeupe la machimbo. Alikuwa ametoka Nakuru kwa matatu, na kwapani amebana bahasha ya kaki. Huyu ndiye aliyenifundisha kusoma nikiwa darasa la pili, na mpaka leo simwiti kwa jina.

"Nisomee hii," akasema, hata kabla hatujamaliza kujuliana hali. "Macho ninayo, lakini lugha yenyewe ni ya mawakili."

Tukatafuta kivuli, tukaketi. Ndani ya bahasha mlikuwa na hati ya fleti yake, vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya tatu, mjini Nakuru. Aliinunua mwaka 2019, nusu kwa malipo ya kustaafu na nusu kwa mkopo wa chama chake cha akiba. Aliyemuuzia alimwambia kwamba hati ni ya miaka 99. "Yako na ya wajukuu wako, mama." Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na ndiyo sababu yalimponza. Hati ilikuwa ya miaka 99 kweli, ila miaka hiyo haikuanza siku alipokabidhiwa funguo. Ukurasa wa pili, katikati ya aya ndefu isiyo na nukta, paliandikwa kwamba muda unahesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 1948, pungufu ya siku chache za mwisho. Tukahesabu kwa vidole, kisha kwa simu ili tuhakikishe. Mwisho ni Desemba 2046. Siku aliyolipa ilikuwa imebaki miaka 27 na ushei. Siku tuliyoketi pale kivulini ilibaki miaka 21 na miezi minne.

Mwalimu alinyamaza kitambo. Halafu akauliza: "Sasa 2046 ikifika, kuta zangu zinakwenda wapi?"

Nimeiandika sura hii kwa ajili ya swali hilo. Nimekutana na watu wengi, wenye elimu na wasio nayo, waliolipa mamilioni ya shilingi kununua fleti wasijue kwamba walichonunua ni miaka. Kuta ni zao, rangi waliyopaka ni yao, sinki la jikoni ni lao. Ardhi iliyo chini ni ya kukodi, na siku ya kuirudisha imeandikwa. Karatasi hiyo, ambayo katika afisi za ardhi kila mtu anaiita lisi, ina tarehe mbili: ya kuanza na ya kuisha. Wengi hawajawahi kuisoma hata moja.

Mtu wa Mombasa hangehitaji kufafanuliwa sana. Pwani kuna mtindo wa zamani unaoitwa nyumba bila ardhi. Mtu anajenga nyumba, anaiuza, anairithisha, anaigawa vyumba, na muda wote huo ardhi ni ya mtu mwingine anayelipwa kodi yake. Mzee wa Majengo anajua fika kwamba paa ni lake na udongo si wake, na hujadiliana bei akilijua hilo. Mnunuzi wa fleti Nakuru yuko karibu sana na hali hiyohiyo, ila yeye amepewa hati yenye mhuri, akadhani mhuri umemaliza habari.

*

Mahali tulipoketi hapakosi mafunzo kuhusu muda. Kariandusi iko kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, ukishapita Gilgil, juu kidogo ya Ziwa Elmenteita. Mwanaakiolojia Louis Leakey na wenzake walipaona mwaka 1928, wakachimba kuanzia 1929 hadi 1931, wakatoa mashoka ya mkono yaliyochongwa kwa mawe ya volkano, mengine kwa lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo cha chupa. Mashoka hayo yana umri wa karibu miaka milioni moja. Jirani na hapo ni machimbo ya mawe meupe, mepesi kama chaki, ambayo ni mabaki ya viumbe vidogo vya majini visivyoonekana kwa macho, vilivyokufa na kurundikana tabaka juu ya tabaka wakati ziwa lilipokuwa pana na kina chake kikubwa kuliko leo. Ziwa lilirudi nyuma. Sakafu yake sasa inachimbwa kwa sururu na kupakiwa kwenye magunia.

Juu ya ardhi yenye umri huo, namba 99 ni ya juzi. Ilikuja na reli. Treni ilifika Nakuru mwaka 1900, na miaka miwili baadaye serikali ya kikoloni ikatunga Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya 1902, iliyoruhusu walowezi kupewa ardhi kwa lisi ya miaka 99. Mwaka 1903 mlowezi Lord Delamere alipata ekari 100,000 huko Njoro kwa muda huo, kwa kodi ya pauni 200 kwa mwaka. Gawanya uone: ni chini kidogo ya nusu peni kwa ekari. Baadaye akachukua Soysambu, ng'ambo ya ziwa, ambayo ukisimama Kariandusi siku isiyo na ukungu unaiona yote imelala pale chini na flamingo wake.

Walowezi hawakuridhika. Walilalamika kwamba miaka 99 haimtoshi mtu anayepanda miti na kujenga nyumba ya mawe, wala hakuna benki itakayomkopesha vizuri. Wakasikilizwa. Sheria ya 1915 iliwapa wenye mashamba miaka 999. Ploti za mjini zilibaki na 99, na kwa sababu hiyo fleti ya mwalimu, iliyo katikati ya mji, ina saa fupi kuliko shamba la kahawa. Hayo yaliamuliwa miaka mingi kabla hajazaliwa, na hayakumhusu hata kidogo.

Wenyeji hawakupewa 99 wala 999. Agosti 1904 viongozi wa Wamaasai, Lenana akiwa mbele, waliwekeana mkataba na Kamishna Donald Stewart wa kuondoka katika bonde hili, pamoja na malisho ya Naivasha na Nakuru, wahamie Laikipia na eneo la kusini. Badala ya idadi ya miaka waliandikiwa ahadi: makubaliano yatadumu maadamu Wamaasai wapo duniani kama kabila. Ahadi hiyo haikumaliza hata muongo mmoja. Mwaka 1911 kukawa na mkataba mwingine wa kuwatoa Laikipia, na walipokwenda mahakamani mwaka 1913 katika kesi ya Ole Njogo, majaji walisema kwamba mikataba ile ni ya dola na dola, mahakama haina mamlaka juu yake. Mkataba usio na tarehe ya mwisho ulivunjwa baada ya miaka saba. Karatasi za walowezi, zenye tarehe zao, zililindwa na kila mahakama. Nasema wazi kwamba ule ulikuwa unyang'anyi, na kwamba namba za lisi zilikuwa sehemu ya silaha yake.

Miaka mia ilipotimia, Agosti 2004, Wamaasai waliandamana Nairobi na wafugaji wakaingiza ng'ombe katika mashamba makubwa ya Laikipia. Wengi waliamini kwamba lisi ya miaka 99 ilikuwa imekwisha na ardhi inarudi. Amos Kimunya, aliyekuwa Waziri wa Ardhi, alijibu kwamba lisi za mashamba yale ni za miaka 999. Polisi walipelekwa, na mzee mmoja akauawa kwa risasi. Mkataba wenyewe wa 1904 haukutaja idadi ya miaka. Dhuluma ilikuwa ya kweli, lakini tarehe iliyokuwa vinywani mwa watu haikuwa kwenye karatasi, na serikali ikapata jibu rahisi kwa swali zito.

Katiba ya 2010 iligusa namba hizi kwa upande mmoja. Mtu asiye raia wa Kenya hawezi tena kushika ardhi kwa zaidi ya miaka 99. Wale waliokuwa na 999, au umiliki kamili, walishushwa hadi 99 tangu Katiba ilipoanza kutumika, tarehe 27 Agosti mwaka huo. Raia mwenye lisi ya 999 hakuguswa.

*

Turudi kwenye kuta za mwalimu.

Lisi ya ardhi ya umma ikiisha bila kushughulikiwa, ardhi inarudi kwa umma, na kilichojengwa juu yake kiko juu ya ardhi ya umma. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 13, inamkinga mwenye lisi kwa kiasi: Tume ya Kitaifa ya Ardhi inatakiwa kumpa yeye nafasi ya kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Kuna masharti mawili. Awe raia wa Kenya, na ardhi hiyo isiwe inahitajika na serikali ya kitaifa au ya kaunti kwa matumizi ya umma. Soma sharti la pili polepole. Nafasi ya kwanza si ahadi. Kama kaunti imechora barabara kupita kwenye ploti yako, au inataka kituo cha mabasi, unaweza kuwa wa kwanza kwenye foleni isiyo na kitu mwishoni. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, na jiji linalokua hutafuta ardhi.

Mawakili hutumia maneno mawili hapa, na ni vizuri uyajue kwa sababu watu huyachanganya na kujichelewesha. Kuongeza muda ni jambo linalofanyika lisi ikiwa hai. Kufanya upya ni baada ya kufa. Anayeomba kuongezewa anazungumza akiwa bado mwenye haki, na jina lake likiwa kwenye rejista. Anayeomba ifanywe upya amekuja kuomba kitu ambacho jana yake kilirudi kwa mwenyewe. Nimewaona watu wa namna ya pili kwenye madawati ya afisi za ardhi. Huzungumza kwa sauti ya chini.

Kanuni za 2017 kuhusu kuongeza na kufanya upya lisi zinaitaka Tume kumwandikia mwenye lisi ndani ya miaka mitano ya mwisho, imkumbushe tarehe na haki yake ya kwanza. Kanuni nzuri. Lakini fikiria barua hiyo inatumwa wapi. Inakwenda kwenye anwani ya sanduku la posta iliyo kwenye faili, na faili la ploti ya 1948 linaweza kuwa na anwani ya mtu aliyekufa, au ya kampuni iliyofungwa. Na hata ikimfikia mlengwa, imemkuta na miaka mitano mkononi. Kwa miaka mitano hakuna benki itakayokukopesha, na mnunuzi mwenye akili hatakukaribia. Kwa hiyo barua ya Tume isiwe ndiyo inayokuamsha.

Kinachotakiwa katika ombi kinajulikana. Nakala ya hati. Kitambulisho, au vyeti vya kampuni. Sachi rasmi, yaani taarifa ya rejista, ya karibuni kutoka kwa msajili wa ardhi. Cheti kwamba hudaiwi kodi ya ardhi, ambayo ni ya serikali ya kitaifa, na kingine kwamba hudaiwi reti, ambazo ni za kaunti. Watu hulipa reti miaka yote wakidhani wamemaliza, kumbe kodi ya ardhi imelala na riba yake inapanda. Ombi linakwenda kwa Tume, Tume inalipeleka kaunti, na huko watu wa mipango ya mji na wa upimaji wanatazama: je, mipaka ni ileile, kuna barabara iliyopangwa, na je, aliyekodi alitimiza masharti?

Hilo la masharti limewashtua wengi. Ploti nyingi za zamani zilitolewa kwa matumizi ya nyumba moja ya kuishi yenye bustani. Leo juu yake pamesimama ghorofa tano. Kama aliyejenga aliomba ruhusa ya kubadilisha matumizi na akaipata, karatasi iwepo. Kama hakuomba, kosa lake linawangojea walionunua kwake, nao hulikuta siku wanapoomba miaka.

Ukikubaliwa hupewi bure. Kuna ada, kuna upimaji, na kodi ya ardhi inakadiriwa upya. Kodi iliyopangwa zama za ukoloni kwa shilingi chache itapandishwa ifuate thamani ya leo. Kisha lisi ya zamani inasalimishwa na mpya inasajiliwa. Katika safari hiyo faili linapita nyumba mbili, kwa kuwa Mahakama ya Juu ilitoa ushauri Desemba 2015 kwamba Tume haina mamlaka ya kutoa hati miliki, kazi hiyo ni ya Wizara ya Ardhi. Tume inasema ndiyo, Wizara inaandika. Faili likikwama, ujue kwanza limekwama nyumba ipi kabla hujapanda basi kwenda Nairobi.

*

Yote hayo ni ya mtu mwenye ploti yake peke yake. Fleti ina ugumu wa ziada, na hapa ndipo mwalimu alipochoka kunisikiliza, akaniomba tutembee kidogo.

Lisi kuu ni moja. Fleti zote ndani ya jengo zinaning'inia juu yake kama vikombe kwenye msumari mmoja. Mwalimu hawezi kwenda kuomba miaka ya ghorofa yake ya tatu huku ghorofa ya pili ikiachwa imalize muda 2046. Katika mtindo wa zamani, aliyejenga alibaki na lisi kuu kwa jina la kampuni ya usimamizi, na kila mnunuzi akapewa lisi ndogo ndani yake, pungufu ya siku chache ili lisi kuu iwe ya mwisho kufa. Mwenye haki ya kuomba ni mwenye lisi kuu, yaani kampuni. Katika jengo la mwalimu wenye fleti ni 24, na wakurugenzi wa kampuni walikuwa bado ni walewale waliojenga. Mmoja hakupatikana kwa simu. Hisa walizoahidiwa wanunuzi hazikuwahi kuandikishwa.

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, iliyoanza kutumika Desemba mwaka huo, ilitungwa kuondoa mkanganyiko wa aina hiyo. Chini yake kila fleti inapata hati yake kamili yenye ramani ya sehemu, na wenye fleti wote kwa pamoja wanakuwa shirika linalosimamia ngazi, paa, maegesho na kisima cha maji. Mjenzi anatoka kwenye picha. Nimeisoma sheria hiyo na naiona kuwa miongoni mwa zile zilizomfikiria mnunuzi wa kawaida. Ina mlango mmoja mwembamba, hata hivyo. Kama ardhi ni ya kukodi, lazima iwe imebaki miaka isiyopungua 21. Sheria ya 1987 iliyotangulia ilidai 45, kwa hiyo mlango umepanuliwa, lakini mlango ni mlango.

Rudi kwenye hesabu yetu: miaka 21 na miezi minne. Mwaka mpya wa 2026 ungeingia na jengo la mwalimu likiwa upande wa nje. Alipoelewa hivyo alisimama katikati ya njia, akafungua bahasha, akaitazama ile tarehe tena kana kwamba mtu ameibadilisha.

Nimeulizwa kama mambo haya ni ya Kenya tu. Sivyo. Tanzania ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, kwa hiyo huko hata kiwanja cha mjini kina hati ya miaka 33, 66 au 99, na watu husema kwa fahari, "Nina hati ya 99." Swali la kuwauliza ni imeanza lini. Kule Uingereza, ambako sheria zetu za ardhi zilichotwa, mamilioni ya fleti zinashikwa kwa lisi, na Mkenya anayenunua fleti London hukuta kwamba ikibaki chini ya miaka 80 bei ya kuongezewa inaruka. Lakini huko sheria ya 1993 ilimpa mwenye fleti haki ya kudai miaka 90 juu ya iliyobaki, na ya 2024 ikataja hadi 990, ingawa utekelezaji wake unakwenda kwa awamu. Anayekodisha huko mara nyingi ni mtu binafsi au kampuni, na sheria inamlazimisha kuuza miaka. Kwetu mwenye ardhi ni serikali, na haijajilazimisha. Imejifunga kukupa nafasi ya kwanza, ikabakiza neno "isipokuwa".

Ningependa neno hilo lipunguzwe. Kama serikali ya kaunti haijachapisha mpango wowote juu ya ploti, na wenye fleti hawadaiwi chochote, na masharti yametimizwa, kuongezewa muda kuwe haki ya kudaiwa mahakamani na si hisani ya kamati. Watu wanaoishi katika fleti hizi ni walimu, wauguzi, wanajeshi wastaafu wa Gilgil, wafanyabiashara wa sokoni. Hawana shamba lingine la kurudia. Walowezi walilalamika kwamba miaka 99 haitoshi na wakapewa 999 kwa mkupuo mmoja. Raia wa nchi huru asiombe miaka 50 kwa kunyenyekea.

*

Wiki mbili baada ya Kariandusi nilihudhuria mkutano wao, kwenye maegesho ya jengo, watu wamekalia viti vya plastiki na ndoo zilizopinduliwa. Walikuja 15. Wengine waliwakilishwa na wapangaji, na wawili walisikiliza kwa simu kutoka ughaibuni. Mwalimu alisimama na karatasi yake, akaandika tarehe mbili kwa chaki kwenye ukuta: 1948 na 2046.

Kijana mmoja wa ghorofa ya kwanza akasema, "Mwalimu, hiyo ni mbali. Miaka ishirini na moja!"

"Umri wako ni miaka mingapi?" mwalimu akamuuliza.

"Thelathini na minne."

"Mkopo wako wa benki unaisha lini?"

Kijana akafikiri, midomo ikisogea. "2042."

"Basi utabaki na miaka minne ya kukaa kwako bila deni. Kaa chini tuchange."

Walichanga. Kwanza walilipa wakili ili aandikishe hisa zao na kuwatoa wakurugenzi wa zamani, kwa sababu bila hilo hakuna ombi lenye sahihi halali. Wenye fleti tatu walikuwa wamelimbikiza madeni ya huduma, na ilibidi majirani wawakopeshe, maana deni la mmoja linazuia cheti cha wote. Ruhusa ya kubadilisha matumizi ilipatikana, ikiwa imefungiwa kwenye faili la mchoraji ramani wa jengo. Wakili aliwashauri wasikimbilie hati za sehemu ndani ya miezi iliyobaki. Waombe kwanza muda, kwa kuwa lisi kuu ikiongezewa, mlango wa miaka 21 unafunguka tena wenyewe. Naona aliwashauri vyema. Upimaji na ramani za fleti 24 haviishi kwa miezi mitatu, na pesa zao zilikuwa za safari moja.

Wewe unayesoma, ikiwa una fleti au unakaribia kununua, fanya kitu kimoja kabla ya wiki hii kuisha. Ichukue hati, au mdai muuzaji nakala ya lisi kuu pamoja na sachi, utafute sentensi inayosema muda unaanza lini. Jumlisha, kisha utoe mwaka huu. Ikiwa imebaki chini ya 45, wagongee majirani zako mlango leo jioni. Ikiwa ni chini ya 30, ombi liandikwe mwaka huu. Na muuzaji akikataa kukuonyesha hiyo tarehe, rudisha kalamu mfukoni, usitie sahihi.